Tulilicheka Goti la Baba

Baba yangu amekuwa na magoti mabovu tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa mfanyakazi wa genge la reli, wale wa kubeba mataruma na kugonga misumari juani, na miaka yake mingi aliimalizia Munisagara kabla hatujahamia Kilosa mjini. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, baba akaishia kubeba vyuma. Ukoo wetu tumeumbiwa mizigo. Alipostaafu, daktari alimwambia ute umekwisha kwenye magoti, mifupa inasagana yenyewe kwa yenyewe. Basi tukazoea. Akitaka kuinuka anashika meza kwanza, halafu ukuta, halafu anavuta pumzi na kusimama. Ukimsaidia anakutukana.

Nasema tulizoea, na nalisema kwa hasira. "Baba ana magoti," ndivyo tulivyokuwa tunawaambia watu, utadhani wenzake hawana. Akichelewa sokoni, magoti. Akikonda, magoti yanamnyima usingizi. Akienda chooni mara kwa mara na kukaa huko mpaka chai inapoa, magoti, kuchuchumaa kunamsumbua. Kila kitu tulikipeleka kwenye goti, nalo lilipokea bila kulalamika.

Ili mnielewe, lazima nimweleze Bibi Mtani. Ni jirani wa baba pale Kilosa, Mzaramo, mjane, anauza vitumbua karibu na stesheni ya zamani. Kwa kuwa yeye ni Mzaramo na sisi Wanyamwezi, ni mtani wetu, na utani wake hauna breki. Akipita nyumbani anakamata kuku bila kuuliza. Baba anamwita mvivu mpenda ngoma, yeye anamwita baba mpagazi. Sisi watoto tunamwamkia shikamoo kwanza, anaitikia "marahaba, watumwa wangu," halafu ndipo matusi yanaanza. Amekuwa akituita watumwa wake tangu sijaota meno ya pili.

Shangazi yetu alipofariki, Bibi Mtani ndiye aliyeushika msiba, kama mtani anavyopaswa. Siku ya kumaliza tanga, ua umejaa watu, akatoka ndani amevaa suruali ya baba, kofia ya baba, na bakora ya baba mkononi. Akachechemea kuuzunguka ua wote. Watu wakaanza kuvunjika mbavu. Ghafla akabana mapaja, akakimbilia chooni, akakaa, akakaa, halafu akatoka anatikisa kichwa.

"Hautoki! Mpagazi mzima, mkojo anaupakua kwa kijiko!"

Jamani, tulicheka. Na yeye hakuishia hapo. Akapanda juu ya benchi.

"Mnasema ana magoti? Goti gani? Hili goti limepanda, limeshafika kwenye tezi! Nimempeleka Morogoro mimi mwenyewe, wakamkata kinyama cha kupima, wakamwambia mzee una saratani, bado ndogo, uwe unarudi tupime damu. Karudi? Muulizeni, karudi? Huyu namzika mimi, na kuku wake wote nawachukua!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba naye alicheka, akapaza sauti, "Mwongo huyo! Mzaramo gani amewahi kusema kweli?" Tukacheka zaidi. Wajukuu wake wakadakia, na kuanzia siku ile ikawa msemo wa nyumbani: goti limepanda. Baba akisahau miwani, goti limepanda. Akikataa kula ugali, goti limepanda.

Msinitazame hivyo. Nani asingecheka? Mtani akisema msibani kwamba marehemu alikuwa anaiba nyama jikoni, nani anakwenda kumtafutia ushahidi? Maneno ya mtani yanaingia sikio hili, yanatokea kinywani kwa kicheko, yameisha.

Mimi naishi Mikumi, nina mgahawa wa kuwapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza baba aliponipigia simu kuniambia nyonga inamuuma. Nilikuwa nakaanga samaki, mwiko mkononi. Nikamjibu, "Si goti hilo hilo, baba? Limepanda tu." Akasema, "Ndiyo. Ni goti." Akakata simu.

Sikuipenda ile "ndiyo." Baba ni mbishi, ukimwambia leo Jumanne atakubishia. Kesho yake nikafunga mgahawa, nikapanda gari la Kilosa.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka sebuleni, mchana, jasho linamtoka. Magoti ya baba nayajua kuliko ninavyoyajua yangu: yanauma akitembea, akipumzika yanatulia. Huyu alikuwa amepumzika na bado anauma meno. Kando ya mkeka kulikuwa na kopo la plastiki. Aliponiona nalitazama, akalivutia chini ya shuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefuata nini, hujaniambia unakuja?"

"Nimekuja kukuona. Baba, hilo kopo..."

"La maji ya kunywa," akasema, na akageukia ukutani.

Kwetu binti hamuulizi baba yake habari za kiunoni kushuka chini. Goti linaruhusiwa, lakini juu ya goti kuna eneo la wanaume, la kaka zake, la watoto wake wa kiume. Baba kaka zake wamekufa, na watoto wa kiume Mungu hakumjalia. Nilisimama pale nimeshika mkoba, maneno yamenijaa mdomoni, sina hata moja ninaloweza kulitamka. Nikatoka nje kwa hasira, nikaenda kwa Bibi Mtani.

Alikuwa anaosha kikaango chake cha vitumbua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Miaka yote hiyo sijawahi kuwa mwanawe, nimekuwa mtumwa wake. Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Bibi, baba anaumwa nini?"

Aliendelea kusugua kikaango, halafu akakiweka chini. "Nilisema. Nilipanda benchi nikasema mbele ya ukoo wenu mzima. Alinikataza nisiwaambie watoto, akaniapisha. Nikasema basi, kwenye utani sijaapa. Nikadhani angalau mmoja wenu ana akili." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mlicheka. Wewe ulikaa chini kwa kucheka, nilikuona."

Nilitaka kumpigia kelele, kwamba kwa nini hakunivuta pembeni, kwa nini hakunong'ona kama watu wengine. Lakini alikuwa ameapishwa na mtu mzima mwenzake, na njia aliyoachiwa ilikuwa moja tu, akaitumia kwa sauti kubwa. Kwa hiyo ilikuwa kweli yote: Morogoro, kinyama, saratani ya tezi dume, na baba kutorudi hata mara moja kupima damu. Alikuwa akituaga anakwenda kliniki ya magoti, kumbe anakwenda kukaa stesheni mpya kutazama treni ya umeme inavyopita.

Nilimleta baba Mikumi siku iliyofuata, kwa gari la kukodi, na Bibi Mtani nikampakia. Baba alivimba. "Huyu anakuja kufanya nini?" Bibi Mtani akasema tu, "Nasindikiza." Barabara yetu ya Kilosa hadi Mikumi mnaijua. Kila shimo baba alikuwa anafumba macho na kushika kiti cha mbele, na mimi nilikuwa natazama shingo yake, ilivyokonda, nikimwomba Mungu iwe nyonga tu. Sijawahi kuomba mtu awe na nyonga mbovu. Siku ile niliomba hilo njia nzima, kupita kijiji cha Ulaya mpaka Mikumi: Mungu wangu, iwe imesagika tu.

Hospitali tukapewa daktari kijana, rika la mwanangu, mpole.

"Mzee, maumivu yako wapi?"

"Goti."

"Na nyonga?"

"Ni goti, limepanda."

"Mkojo unatokaje, mzee?"

Baba alinitazama mimi. Akamtazama daktari. Akasema, "La kulia ndilo baya zaidi."

Nilijua natakiwa kutoka. Nilijua pia nikitoka atamwambia daktari yuko salama kabisa, apewe dawa ya kuchua aende zake. Nikabaki nimesimama mlangoni nimewapa mgongo, na hapo Bibi Mtani akaingilia kati.

"Daktari, huyu mpagazi hajui kusema, wanajua kubeba tu. Niulize mimi. Wewe mpagazi, unaamka kukojoa au huamki?"

"Mzaramo, nitakupiga bakora."

"Bakora utaishikaje, umeshika kopo? Unatoka wote au unadondoka?"

"Unadondoka kama akili zenu!"

"Andika, daktari, unadondoka. Kiuno kinauma ukilala au ukitembea?"

"Kinauma nikikuona wewe!" Halafu sauti ikashuka. "Nikilala. Nikilala ndiyo kinazidi."

Daktari alikuwa anaandika, hacheki. Mimi kule mlangoni nilikuwa nauma kanga.

Majibu ya damu na picha yalipotoka, tulirudi wote watatu. Kijana yule aliinua picha kwenye mwanga. "Mzee, una mambo mawili. Nyonga yako imesagika kama magoti, hilo linaonekana wazi. Lakini kuna madoa kwenye mfupa ambayo siyapendi, na kipimo chako cha tezi dume kimepanda sana. Lazima mwende Dar kwa kipimo kikubwa. Kwa picha hii peke yake siwezi kuapa kama maumivu haya ni ya kiungo au ni ya saratani."

Nikamuuliza swali lililokuwa linanikaba tangu Kilosa. "Daktari, hivi viwili vinahusiana? Goti linaweza kweli kupanda?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimheshimu. "Wapo wanaochunguza, mama. Wanajiuliza kama kiungo kinachosagika miaka mingi kinamwaga kwenye damu vitu vya uvimbe vinavyoisaidia saratani kusonga mbele. Wengine wanasema ni uzee tu: mwenye umri wa magoti ndiye mwenye umri wa tezi. Bado hakuna jibu la uhakika. Ninachokiona mimi hapa kila wakati ni kwamba goti linaificha saratani. Mgonjwa anasema goti, nyumbani wanasema goti, na sisi tukizembea tunaandika goti."

Laiti nisingeuliza. Baba alikuwa amekaa ameinamisha kichwa muda wote, akakiinua.

"Kwa hiyo ni reli," akasema. "Reli ilinipa magoti, magoti yakanipa hii."

"Sijasema hivyo, mzee."

"Umesema. Nimesikia. Basi tibu goti. Mzizi ukikatwa, mti unakauka wenyewe."

"Mzee, hata kama vinahusiana, kutibu goti hakutaizuia saratani. Hii tunaizuia kwa kuikatia chakula chake, homoni za kiume. Kuna sindano. Au kuna upasuaji mdogo wa kutoa korodani."

Daktari alilitamka neno lile mbele yangu, mbele ya Bibi Mtani, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema vidole. Baba alisimama. Hakushika meza wala ukuta. Alisimama wima kama kijana, akatoka nje bila bakora, na maumivu yote yale aliyokuwa nayo sijui aliyaacha wapi mpaka alipofika kwenye geti na kuanguka mikononi mwa mlinzi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alikaa barazani kwangu, malori yakipita, akikataa kila kitu isipokuwa dawa ya kuchua. Kila mteja aliyemsalimia alielezwa kuhusu magoti. "Daktari mwenyewe amesema yanahusiana," aliwaambia, na mimi nikiwa jikoni nilikuwa natamani kumrushia sufuria. Ile habari ndogo ya watafiti, ambayo hata wenyewe hawajaimaliza, ndiyo aliyoishika kama nguzo. Goti ni ugonjwa wa heshima. Goti ni kazi, ni jasho, ni mataruma. Hii nyingine hakuwa na namna ya kuieleza barazani.

Nilishindwa. Nikamfuata nikiwa bado na unga mikononi. "Baba, unataka tukuzike kwa ajili ya aibu?"

"Shika adabu yako. Nitazikwa mwanaume kamili."

"Na sisi je? Sisi tutabaki na nani?"

"Nimesema, shika adabu yako." Nilirudi jikoni nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa naona wazi anakufa na mimi nimefungwa mdomo na adabu aliyonifundisha mwenyewe.

Asubuhi moja Bibi Mtani akatoka chumbani amefunga furushi lake. Nilijua anaaga, nikajua pia hataondoka bila kumtukana baba matusi ya kumtosha mwezi. Akaenda mpaka mbele ya kiti chake. Akaketi chini, miguu ameinyoosha, akavua kanga ya kichwani, na akaanza kulia.

Hakuwa anaigiza. Ulikuwa mlio wa msiba, ule wa kuanzia chini ya tumbo. Alilia akimtaja baba kwa jina lake aliloitwa na mama yake, ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Alitaja baba alivyomjengea kibanda mafuriko ya mto Mkondoa yalipomharibia nyumba, na jinsi alivyochimba kaburi la mumewe kwa magoti yale yale. Hakukuwa na mpagazi wala mtumwa. Majirani walikuja mbio, wanawake wakishika vichwa, wakiuliza amekufa nani.

Baba alikuwa amebadilika rangi. Kazi ya mtani kwenye msiba wako ni kuchekesha watu, na hapa mtani wake anamlilia naye yu hai, amekaa, anaona.

"We Mzaramo, nyamaza! Watu wanadhani nimekufa!"

"Umekufa," Bibi Mtani akasema. "Ndiyo nakulilia sasa hivi, nimalize. Msiba wako siji. Kofia yako sivai. Tafuta mtani mwingine wa kuwachekesha wanao, mimi kucheka kwangu na wewe kumekwisha."

Akafunga kanga, akanyanyua furushi.

Baba alikuwa anamtazama akishuka ngazi ya baraza, na machozi yakaanza kumtoka, baba yangu, mbele ya majirani. Nilitamani ardhi inimeze nisiyaone. Bibi Mtani alishafika barabarani baba alipopaza sauti.

"Mzaramo! Rudi."

Hakugeuka.

"Rudi, mvivu wee! Sindano nitachoma. Kisu sitaki, lakini sindano nitachoma."

Dar walithibitisha. Saratani imo kwenye mfupa wa nyonga na mahali pengine mgongoni. Magoti, walisema, ni magoti tu. Kama yalichangia, hakuna aliyetuambia, na mimi nimeacha kuuliza. Alianza sindano, maumivu yakapungua, akaweza kulala, akaanza tena kubishana na watu, akarudi Kilosa kwake. Daktari alitueleza bila kuficha: haiponi, inashikiliwa. Itashikika kwa muda gani hakujua, na akatuambia tuwe macho na dalili, na kwamba mzee mwenyewe ndiye wa kuzisema, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuziona.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inaning'inia. Kila nikimpigia nilimuuliza "unaendeleaje, baba?" naye alijibu "magoti tu." Nikawa nampigia Bibi Mtani, naye anapeleleza kwa matusi na kunirudishia habari. Tuliishi hivyo, na nilikuwa nimekubali kwamba ndivyo tutakavyoishi.

Wiki iliyopita simu iliita mchana, mgahawa umejaa, madereva wanagombania viti. Nikaibana begani nikiwa napakua wali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Halafu kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Baba?"

"Nipo." Akakohoa. "Mama, leo nimekojoa damu."

Nikaweka sahani chini. Sikuthubutu kupumua, nisije nikamstua akanyamaza.

"Tangu asubuhi," akaendelea, taratibu, kila neno analitoa kwa shida. "Na kiunoni panachoma. Si goti. Goti nalijua, hili si goti."

"Bibi Mtani anasemaje?"

"Huyo sijamwambia," akasema baba. "Nimeanza na wewe."

Niliogopa siku ile kuliko siku zote, na humo humo ndani ya hofu nilisikia furaha, na sijui kama ni halali mtu kufurahi kwa habari kama ile. Dereva mmoja alikuwa ananiuliza wali wake. Nikazima jiko, nikawaambia wote wajipakulie wenyewe.

"Asante, baba," nikamwambia. "Usilale, kaa hapo hapo, nakuja."